Kukarabati Samani za Mbao Zilizochakaa na Kuzipaka Upya Nyumbani

Maswali ninayoulizwa kuhusu samani kuukuu huwa ni yale yale: nianze na msasa namba ngapi, vanishi ipi inafaa, kwa nini meza yangu imetoka mabaka baada ya kupakwa. Nimeona ni afadhali niyajibu mahali pamoja na kwa mpangilio, kwa kuwa mengi yanatokana na kosa moja. Anayeanza hukimbilia msasa na brashi, ilhali kazi hii ina mfuatano wake: viungo kwanza, uso wa mbao baadaye, rangi ikifuata, na mpako wa juu mwisho kabisa. Ukipaka vanishi kwenye kiti ambacho miguu yake inacheza, mpako utapasuka penye maungio mara tu watu watakapoanza kukikalia, nawe utakuwa umejichosha bure.

Je, ni lazima kuondoa mpako wa zamani?

Mara nyingi si lazima. Uchafu wa miaka, mafuta ya mikono na nta iliyozeeka huifanya meza ionekane imekwisha, kumbe chini yake mpako ungali mzima. Kwa hiyo osha kwanza, subiri ikauke, kisha uamue. Iwapo mpako umefifia au umekwaruzika juu juu tu, usugue kidogo kwa msasa namba 320 na kuuongezea tabaka moja au mbili. Iwapo unabanduka kama magamba, au umepasukapasuka hadi mbao inaonekana, hapo kuuondoa hakuepukiki. Samani ya kale yenye thamani usiiguse kabla mjuzi hajaiona, kwa sababu mpako wake wa asili ni sehemu ya thamani hiyo, na ukishaondolewa haurudi.

Onyo moja haliwezi kusubiri. Rangi nzito za zamani, hasa zile zisizopenyeza macho, zinaweza kuwa na madini ya risasi. Marekani ilizipiga marufuku kwa matumizi ya nyumbani mwaka 1978, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Ukiwa na shaka kuhusu umri wa rangi, usiisugue kwa msasa ikiwa kavu na wala usiichome kwa moto. Ipime kwanza kwa vifaa vya kupimia risasi au umwachie kazi hiyo mwenye vifaa na ujuzi. Vumbi lake humdhuru mtoto kuliko mtu mzima, nalo hubaki sakafuni muda mrefu baada ya kazi kuisha.

Vitu vya kuandaa kabla ya kuanza

- Gundi ya mbao, ile nyeupe au ya manjano inayooshwa kwa maji ikiwa bado mbichi.
- Jiriwa za mkono, ambazo mafundi wengi huziita klempu, zisizopungua mbili. Ukizikosa, kamba imara na kijiti vitafaa.
- Nyundo ya mpira au ya mbao, patasi, bisibisi, na kikwaruzo butu.
- Msasa namba 120, 150, 180, 220 na 320, pamoja na kipande cha mbao bapa cha kuuzungushia.
- Puti ya mbao, brashi nzuri yenye nywele zisizong'oka, na vitambaa vya pamba visivyoacha nyuzi.
- Vanishi pamoja na kiyeyushi chake kama kilivyotajwa kwenye kopo.
- Glavu zisizopenywa na kemikali, miwani ya kukinga macho, na barakoa ya vumbi.

Barakoa si pambo. Vumbi la mbao limeorodheshwa na Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani miongoni mwa visababishi vilivyothibitika vya saratani kwa binadamu. Fanyia kazi mahali penye hewa inayopita, lakini pasipo na upepo wa kupeperusha vumbi wakati wa kupaka.

1. Kagua na uweke alama

Igeuze samani juu chini. Tikisa kila mguu na kila upau, na utie alama kwa chaki kila kiungo kinachocheza. Tazama kama kuna vitundu vidogo vya mviringo: mbao iliyobunguliwa ikiwa na unga mpya unaodondoka chini yake, wadudu bado wamo, na inapaswa kutibiwa kwa dawa kabla ya kitu kingine chochote, ikitengwa na samani nyingine. Vitundu vikavu visivyotoa unga huenda ni vya zamani tu.

Toa droo, vitasa na bawaba. Piga picha kabla ya kufungua, kisha bandika utepe wa karatasi wenye namba kwenye kila kipande na namba hiyo hiyo kwenye mahali kilipotoka. Miguu minne ya kiti kimoja huonekana sawa, lakini tundu la huu halikubali ulimi wa ule, yaani ile ncha iliyochongwa iingie tunduni.

2. Osha

Tumia maji ya uvuguvugu yenye sabuni kidogo na kitambaa kilichokamuliwa vizuri. Maji mengi huingia kwenye maungio, hulegeza gundi, na huinua vinia, yaani lile tabaka jembamba la mbao nzuri lililobandikwa juu ya mbao ya kawaida. Nta na grisi iliyogandamana huondolewa kwa kitambaa kilicholoweshwa tapentaini. Kausha mara moja.

3. Fungua viungo vilivyolegea tu

Hapa ndipo penye kazi yenyewe, na ndipo ninapomwomba anayeanza atulie kuliko mahali pengine popote. Kiungo kigumu kiache kilivyo. Ukilazimisha kifunguke utapasua mbao iliyokuwa nzima. Kwa kile kinachocheza, kagua kwanza kama kuna msumari au skurubu iliyofichwa na puti, uitoe, kisha gonga polepole kwa nyundo ya mpira karibu kabisa na kiungo, ukiusukuma upau utoke moja kwa moja bila kuuzungusha.

Angalia gundi iliyobaki. Gundi ya kale iliyotengenezwa kwa ngozi na mifupa ya wanyama huwa ngumu kama kioo, hukatika kwa vipande na hunata tena ikiguswa na maji ya moto. Hiyo huoshwa kwa kitambaa cha maji ya moto na kikwaruzo. Gundi nyeupe ya kisasa hulainika na kuwa kama mpira ikiloweshwa siki ya uvuguvugu, ambapo unaweza kuikwangua. Ni lazima uikwangue hadi uione mbao, kwa kuwa gundi mpya haishiki juu ya gundi nyeupe iliyokwisha kukauka. Wengi hulalamika kwamba gundi waliyonunua ni mbovu, kumbe wameipaka juu ya nyingine.

Usiuchonge ulimi wakati wa kusafisha. Ukipungua hata kidogo, utacheza ndani ya tundu lake, na gundi ya kawaida haijazi nafasi. Ukikuta tayari umepungua, uzungushie kipande chembamba cha mbao kilichotolewa kwa randa, ukigundishe, ukiache kikauke, kisha ukichonge hadi ulimi uingie kwa kusukumwa na mkono. Ikiwa tundu limeharibika sana, tumia gundi ya epoksi ya sehemu mbili, kwa sababu hiyo hujaza nafasi.

Na tafadhali usipigilie msumari kwenye kiungo cha kiti. Msumari hupasua ulimi, hulegea tena baada ya muda mfupi, na humwachia fundi atakayekuja baada yako kazi mara mbili.

4. Gundisha na ubane

Kusanya kila kitu kwanza bila gundi na ukaze jiriwa, ili ujue kama vipande vyote vinakaa mahali pake na kama jiriwa zinafika. Gundi ya kawaida hukupa dakika chache tu za kufanya kazi, na si wakati wa kuanza kutafuta kibao cha kukinga. Paka tabaka jembamba kwenye ulimi na ndani ya tundu, unganisha, na ukaze huku ukiweka vipande vya mbao laini chini ya midomo ya jiriwa ili isibonyeze samani. Kaza hadi gundi itokeze kidogo pembeni. Ukikaza mno utaifukuza yote.

Asiye na jiriwa ndefu anaweza kuizungushia miguu kamba mara mbili, akapitisha kijiti katikati yake, akakipotoa hadi kamba ikaze, kisha akakiegemeza kijiti kwenye upau kisirudi nyuma.

Pima kutoka pembe hadi pembe kwa mshazari. Vipimo viwili vikilingana, fremu imenyooka. Samani isimame juu ya mahali palipo sawa kabisa wakati gundi inakauka. Niliwahi kugundisha kiti juu ya sakafu yenye mwinamo, nikakiacha usiku kucha. Kilikauka kikiwa imara kabisa na kimepinda kabisa, nikalazimika kukifungua upya kwa siki na maji ya moto.

Gundi iliyotokeza ifute kwa kitambaa chenye unyevu, pamoja na alama zake zisizoonekana. Penye gundi iliyokauka mbao haitanywa rangi, na doa hilo jeupe utaliona siku umeshamaliza. Acha jiriwa kwa muda ulioandikwa kwenye chupa, na usikikalie kiti kabla ya saa 24.

Skurubu za bawaba zinazozunguka bure hazihitaji kubadilishwa. Jaza tundu kwa vijiti vyembamba vya mbao vilivyopakwa gundi, subiri vikauke, vikate viwe sawa na uso, kisha toboa tundu dogo jipya.

5. Ondoa mpako wa zamani, ikiwa umeamua hivyo

Utambue kwanza. Weka tone la spiriti mahali pasipoonekana: ukilainika na kunata, huo ni sheleki, mpako wa utomvu wa wadudu unaoyeyushwa kwa spiriti. Ukikataa, jaribu tone la thina ya laka, mpako unaokauka haraka sana. Ukiyeyuka ni laka. Ukikataa yote mawili, huenda ni vanishi ya kawaida au poliurethani, yaani vanishi ngumu ya aina ya plastiki. Sheleki na laka huweza kuoshwa kwa viyeyushi vyake vyenyewe, jambo linalokuokoa na msasa mwingi.

Kwa mipako migumu tumia kiondoa rangi cha kemikali. Kipake kwa wingi, kiache kifanye kazi kwa muda ulioelekezwa, kisha ukikwangue kwa kikwaruzo butu ukifuata nyuzi za mbao. Epuka vile vyenye diklorometheni: mvuke wake umeua watu waliokuwa wakifanya kazi ndani ya vyumba visivyopitisha hewa, na mwaka 2019 Marekani ilizuia visiuzwe kwa wateja wa kawaida. Ukimaliza, futa mabaki yote kama maelekezo ya kopo yanavyosema, kwa kuwa mabaki hayo huzuia mpako mpya usikauke.

6. Rekebisha uso

Mbonyeo ambao nyuzi zake hazikukatika unaweza kuinuliwa kwa mvuke. Weka kitambaa chenye maji juu yake, gusisha pasi ya moto kwa sekunde chache, inua, tazama, rudia. Nyuzi zilizobanwa hufyonza unyevu na kujaa tena. Njia hii usiitumie juu ya vinia, kwani joto na maji huibandua.

Doa jeusi la mviringo lililoachwa na chombo cha chuma chenye maji limeingia ndani ya mbao, na msasa hautalifikia bila kuchimba shimo. Huondolewa kwa myeyusho wa asidi ya oksaliki unaopakwa uso mzima, si juu ya doa peke yake, kisha ukasuuzwa mara kadhaa kwa maji. Asidi hiyo ni sumu: vaa glavu na miwani, na usisugue kwa msasa mabaki yake makavu, kwa sababu vumbi lake huunguza pua na koo.

Nyufa na mashimo yajaze kwa puti, ukiacha kijilima kidogo kwa kuwa puti hunywea inapokauka. Ufa mrefu hupendeza zaidi ukijazwa kipande chembamba cha mbao ya aina ile ile. Puti hainywi rangi kama mbao, hata ile iliyoandikwa kwamba inakunywa. Kwa hiyo itumie kwa uchache.

7. Piga msasa

Anza na namba 120, nenda 150, malizia 180. Usiruke namba, kwa maana kila moja kazi yake ni kufuta mikwaruzo ya ile iliyotangulia. Fuata nyuzi daima. Mkwaruzo mmoja uliokatiza nyuzi hauonekani kwenye mbao kavu, lakini rangi ikigusa hujitokeza kama mstari wa kalamu. Zungushia msasa kwenye kibao penye uso bapa, kwani vidole huchimba mabonde.

Vinia ya siku hizi mara nyingi haifiki unene wa milimita moja. Hapo mashine ya msasa iache kabatini, tumia mkono na namba 180 tu, na usimame mara uonapo rangi ya mbao ikibadilika.

Ukidhani umemaliza, weka taa pembeni, mwanga upite sambamba na uso, kisha futa kwa kitambaa chenye kiyeyushi. Mikwaruzo na madoa ya gundi yote yatajionyesha.

8. Tia rangi ya mbao, ukitaka

Jaribu kwanza upande wa chini. Paka, subiri dakika chache, futa iliyozidi. Ncha zilizokatwa hunywa rangi kuliko kwingine na kuwa nyeusi, kwa hiyo zipige msasa hadi namba 220 kabla ya kupaka. Mbao laini kama msonobari hutoka mabaka. Ipake kwanza tabaka jepesi la kuziba lililozimuliwa.

9. Paka mpako wa juu

Sheleki hupendeza na hurekebishika kwa urahisi, ila huharibiwa na kileo na joto. Mafuta ya kitani ni rahisi kupaka, lakini kinga yake ni ndogo na hutaka kurudiwa. Laka hukauka haraka mno kwa brashi ya mwanagenzi. Kwa meza ya kulia chakula, poliurethani ya mafuta ndiyo ninayomshauri anayeanza, kwa kuwa inastahimili maji na hukauka polepole kiasi cha kusamehe makosa. Ya maji hunuka kidogo na haigeuki manjano, ila huinua nyuzi za mbao. Ukiichagua, lowesha mbao kidogo kabla, iache ikauke, na uisugue kwa namba 220.

Koroga kopo, usilitikise, maana utatia vipovu. Mimina kiasi cha kutumia kwenye chombo kingine ili vumbi la brashi lisirudi koponi. Tabaka la kwanza lizimuliwe kidogo. Paka nyembamba, ukimalizia kwa mipigo mirefu inayofuata nyuzi, kisha uiache. Kurudia mahali palipoanza kukauka huacha makovu ya brashi. Likishakauka, kwa kawaida siku inayofuata kwa ile ya mafuta, lisugue kwa namba 320, futa vumbi, na upake tena. Tabaka tatu nyembamba hushinda moja nene.

Onyo la moto. Vitambaa vilivyolowa mafuta ya kitani, au rangi na vanishi zenye mafuta ya aina hiyo, hutoa joto vinapokauka, na vikikunjwa au kurundikwa vinaweza kuwaka vyenyewe bila cheche. Vitandaze kimoja kimoja nje hadi vikakamae, au uvizamishe ndani ya kopo la chuma lenye maji na ulifunike. Usivitupe kwenye pipa la taka ndani ya nyumba.

Mambo yakienda mrama

*Vanishi imechuruzika na kuacha machozi.* Subiri yakauke kabisa, yakwangue kwa wembe, sugua, upake tena nyembamba. Ukiyagusa yakiwa laini utang'oa tabaka zima.

*Vishimo vidogo kama macho vinafunguka kwenye vanishi mbichi.* Mbao ina silikoni kutoka kwenye polishi ya zamani. Futa vanishi ingali mbichi, osha kwa kiyeyushi, kisha paka tabaka la sheleki isiyo na nta ili kuziba kabla ya kurudia.

*Imepita siku tatu na mpako bado unanata.* Tabaka lilikuwa nene, hewa ina unyevu, au mbao ilibaki na nta au kiondoa rangi. Ongeza hewa na usubiri wiki moja. Ikikataa, hakuna budi kuiondoa.

*Sheleki au laka imetoka ukungu mweupe.* Unyevu wa hewa umenaswa ndani. Siku kavu, pitisha juu yake kitambaa kilichoguswa spiriti kidogo sana kwa sheleki, au thina kwa laka.

*Droo inakwama.* Sugua njia zake kwa mshumaa kabla ya kufikiria randa.

*Meza ni kavu lakini imeshika alama ya sahani.* Mpako kukauka si kukomaa. Poliurethani ya mafuta huweza kuchukua takriban mwezi mzima kufikia ugumu wake, kwa hiyo katika siku hizo usiweke juu yake kitambaa cha plastiki, chombo cha moto wala kitu kizito kisichosogezwa.

*Kiti bado kinayumba ingawa viungo vyote ni imara.* Kisimamishe juu ya mahali palipo sawa, weka vibao vyembamba chini ya mguu mfupi hadi kitulie, kisha chora mstari wa kimo kimoja kuzunguka miguu yote minne kwa penseli iliyolazwa juu ya kibao, na ukate kwenye mstari huo. Anayekata mguu mmoja kwa kukisia hukata na wa pili, akarudi kwenye wa kwanza, na kiti cha mezani huishia kuwa kigoda.